Skuta ya Umeme Uingereza: Dukani Halali, Barabarani Haramu

Simu iliita saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Sisi tunaoishi ughaibuni, simu ya saa hiyo tunaipokea mkono uko huku na moyo uko Tanga. Alikuwa mpwa wangu, ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku. "Shikamoo mjomba. Wameibeba." Nikaitikia marahaba hata kabla sijajua kilichobebwa. Kumbe ni skuta yake ya umeme, ile ya kusimama juu yake na kuikunja, aliyoinunua kwa pauni 400 kwenye duka la vifaa vya umeme, akapewa risiti, dhamana ya mwaka mmoja na asante nyingi za muuzaji.

Tunaishi Milton Keynes, mji uliopangwa kwa rula tangu mwaka 1967. Barabara kubwa zimekatana kama mistari ya daftari la hesabu, na chini yake zinapita njia za lami nyekundu za watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Wenyeji wanaziita Redways. Sisi kwa mazoea tunasema njia nyekundu. Maghala ya mizigo yako pembezoni, basi la usiku ni la bahati nasibu, na kijana asiye na gari ana mambo matatu ya kuchagua: teksi inayomeza ujira wa saa mbili, kutembea kwa mguu saa nzima na dakika zake, au atafute kitu chenye magurudumu.

Asubuhi ile alikuwa kwenye njia nyekundu, amevaa helmeti na kizibao cha kazini kinachong'aa, taa ya mbele inawaka, anakaribia kuingia kwenye kivuko cha chini ya barabara. Askari wawili wakamsimamisha. Anasema walikuwa waungwana. Walimuuliza kama ana bima. Hana. Wakamweleza kuwa kile alichosimama juu yake ni chombo cha moto kama gari lolote, wakaikunja skuta kwa wepesi wa watu waliokwisha kuzikunja nyingi, wakaipakia. Wakati anaandikiwa, mtu mwingine akapita palepale na skuta ya kukodi ya kampuni, kwa mwendo uleule, kichwa wazi. Askari wakasogea wakampisha.

Kuendesha chombo cha moto bila bima Uingereza ni faini ya papo kwa papo ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Dereva wa siku nyingi atauma meno na kuendelea na maisha, maana kwake hatari ya kufungiwa inaanza pointi zikifika 12. Mpwa wangu alifaulu mtihani wa udereva mwaka jana tu, na sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995 inasema ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili tangu ufaulu, leseni inafutwa. Unarudi kwenye leseni ya mwanafunzi, unafanya tena mtihani wa nadharia, unapanga tena foleni ya mtihani wa barabarani. Hajawahi kukosea akiwa ndani ya gari hata siku moja. Leseni ya gari imekwenda kwa sababu ya ubao wenye magurudumu mawili.

Najua kuna atakayesema sheria ni msumeno. Na mimi nimelelewa kwa msemo huo. Ila msumeno tuliofundishwa unakata mbele na nyuma, na huu una meno upande mmoja tu. Muuzaji haukumkata. Mwagizaji haukumgusa. Serikali yenyewe ilishachukua chake mapema: kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 20, kwa hiyo ndani ya zile pauni 400, pauni 66 na ushee zilikwenda hazina siku ileile ya kununua. Skuta ilipita bandarini kihalali, ikakaa kwenye rafu kihalali, ikalipiwa kodi kihalali, na uharamu wake ukaanza pale ilipokanyaga lami, mgongoni kwa mtu wa mwisho, ambaye kwa kawaida ndiye asiye na gari. Kinachonikera ni mahali hapo ulipotuliwa mzigo. Kukamatwa kwenyewe nakuelewa.

Sheria inayotumika haijawahi hata kuitaja skuta. Sheria ya Usalama Barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988 inasema chombo cha moto ni chochote kinachoendeshwa kwa mtambo na kilichokusudiwa, au kurekebishwa, kwa matumizi ya barabarani. Wauzaji wamening'inia kwenye neno "kilichokusudiwa". Wanabandika kikaratasi kwamba bidhaa hii si ya barabara za umma, itumike kwenye ardhi binafsi kwa ruhusa ya mwenye ardhi, basi wamenawa mikono. Mwaka 2000 Mahakama Kuu iliusikiliza ujanja wa aina hiyo katika kesi ya Go-Ped, skuta ndogo ya petroli ya kusimama, na ikaukataa. Majaji walisema cha kuuliza ni kama mtu mwenye akili timamu, akikitazama kitu hicho, ataona kuwa watu watakitumia barabarani. Wakaona ndiyo, kishawishi ni kikubwa, kikaratasi kiseme kinavyotaka. Kesi za skuta za umeme zilizofuata ziliangukia palepale.

Hukumu hiyo siilaumu, kwa kweli inaeleweka kuliko kile kikaratasi. Nani Milton Keynes ana shamba la kuzungukia kwa skuta? Tatizo linaanza chombo kikishaitwa cha moto. Hapo kinadaiwa bima, usajili, kibao cha namba, na ithibati ya kiufundi kwamba kimeundwa kwa viwango vya barabarani. Sasa, viwango vya skuta ya mtu binafsi havijaandikwa. Bila viwango hakuna ithibati, bila ithibati hakuna usajili, na bila hivyo kampuni za bima hazikukatii. Mpwa wangu hakukwepa bima. Angeingia mjini na pauni elfu mfukoni asingempata wa kumwuzia. Ameadhibiwa kwa kukosa kitu kisichouzwa.

Ukikimbilia pembeni kwenye njia ya waenda kwa miguu, unakutana na sheria ya barabara ya mwaka 1835, ya enzi za Mfalme William wa Nne, na bado inafanya kazi. Kifungu cha 72 kinakataza kupitisha kwa makusudi kwenye njia ya miguu farasi, punda, kondoo, nyumbu, nguruwe, ng'ombe, au gari la aina yoyote. Mwaka 2011 mtu mmoja wa Barnsley alitozwa faini kwa kifungu hichohicho, kosa lake kupita na Segway, kile chombo cha umeme cha kusimama chenye magurudumu mawili ubavuni. Watu hukicheka kwa uzee wake. Mimi naona kimezeeka vizuri. Mtu wa kilo themanini anayekujia kwa kilomita 25 kwa saa bila kelele, ukimfikiria sana, hana tofauti kubwa na nguruwe aliyekata kamba.

Linalonishinda ni habari ya pedali. Baiskeli ya umeme yenye mota isiyozidi wati 250, inayoacha kusukuma ikifika maili 15.5 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 25, inaruhusiwa kwa yeyote mwenye miaka 14 na kuendelea. Haitaki leseni, haitaki bima, haitaki namba. Inaweza kuwa na kilo 25 na zaidi. Skuta ya mpwa wangu ilikuwa na kilo 15 na ukomo wa kilomita 25 zilezile. Mota yake ilikuwa na nguvu zaidi kidogo, nakubali, lakini kisheria hata ingekuwa ya wati 100 ingebaki haramu, maana haina pedali. Na hizo pedali nimeziona kazi yake kwenye baiskeli za baadhi ya wapeleka chakula wa hapa mjini, zilizochezewa zikaenda mbio kama pikipiki: miguu inazungusha hewani taratibu kama mtu anayesindikiza wimbo, na chombo kinapaa. Hizo nazo ni haramu, lakini kwa mbali zinaonekana baiskeli. Skuta haina pa kujificha.

Skuta za kukodi je? Zimetoka kwenye mwanya uliofunguliwa Julai 4, 2020, wakati wa korona, mabasi yalipokuwa yakibeba watu wachache na serikali inatafuta namna ya watu kufika kazini bila kubanana. Kanuni zikatungwa haraka: kampuni zilizoidhinishwa zikodishe skuta katika maeneo teule ya England, mota isizidi wati 500, mwendo usizidi maili 15.5 kwa saa, mpanda awe na leseni hata ya mwanafunzi, bima ishikwe na kampuni. Milton Keynes tulipata zetu mwaka huohuo. Likaitwa jaribio, la miezi 12.

Jaribio hilo likasogezwa mbele mwaka uliofuata. Likasogezwa tena, na tena, na sasa mwisho wake umewekwa Mei 2028. Mchuzi unaonjwa kwa kijiko. Ukiuonja miaka minane, umeshakula sufuria nzima, na bado unasema hujajua kama chumvi imekolea. Mei 2022, katika hotuba ya ufunguzi wa Bunge iliyosomwa na Charles, wakati huo bado mwana wa mfalme, kwa niaba ya mama yake, Malkia Elizabeth, serikali iliahidi muswada wa usafiri ambao ungezipa skuta za watu binafsi utaratibu wake. Muswada haukuletwa. Mawaziri wakabadilika, chama tawala kikabadilika, skuta zikaendelea kuuzwa kila Krismasi.

Matokeo yake ni kwamba, kwa muda wote huu, mtu mwenye skuta yake hana njia halali hata moja ya kuiendesha barabarani, na mwenye kukodisha ana njia iliyolindwa na serikali. Sisemi kampuni zimekaa na wakubwa zikapanga hivyo. Nasema biashara yoyote ingependa soko ambalo mshindani wake mkuu, yaani skuta yako mwenyewe, anakamatwa na polisi bila wao kulipa senti. Na za kukodi zina uzuri wake, ila hazimfai mtu wa ghala. Zinakaa zilipo watu wengi, katikati ya mji, karibu na stesheni. Saa kumi na moja alfajiri pale pembezoni huikuti hata moja, na ukiikuta, ukipiga hesabu ya kufungulia na ya kila dakika kwa safari kumi za wiki, unaanza kuulizia bei ya gari bovu.

Paris walifanya kinyume chake kabisa. Aprili 2, 2023, wakazi waliulizwa kwa kura kama skuta za kukodi ziendelee. Asilimia 89 ya waliopiga kura walisema hapana, ingawa waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya walioandikishwa. Mwisho wa Agosti mwaka huo, skuta zipatazo 15,000 za kampuni tatu zikaondolewa mitaani. Ila skuta ya mtu binafsi haikuguswa. Ufaransa ilishaiandikia kanuni tangu Oktoba 2019: kilomita 25 kwa saa mwisho, iwe na bima, marufuku njia ya miguu. Kwa hiyo ukipanda treni London ukashuka Paris baada ya saa mbili na ushee, halali na haramu zimebadilishana viti. Huku ya kukodi ruksa na yako marufuku, kule yako ruksa na ya kukodi marufuku. Skuta ni ileile, huenda na kiwanda ni kimoja.

Sipendi mtindo wa kuzungusha dunia nzima kutafuta nchi ya kuisifia, lakini Ujerumani wana kitu kidogo kinachostahili kutazamwa kwa karibu: kibandiko. Tangu Juni 2019 skuta ya kule lazima iwe ya aina iliyothibitishwa, isizidi kilomita 20 kwa saa, ipite njia ya baiskeli au barabarani, na nyuma yake juu ya tairi ibandikwe kibandiko kidogo cha bima chenye namba. Rangi yake hubadilika kila mwaka, na mwaka wa bima unaanza Machi 1, kwa hiyo askari aliyesimama mbali anajua kwa rangi tu nani amelipia na nani hajalipia. Bima yenyewe ni makumi ya yuro kwa mwaka. Leseni hawadai. Anayekutwa hana kibandiko anaadhibiwa, na hapo hana pa kulalamikia, kwa sababu kibandiko kilikuwepo na hakukinunua. Ireland nao, majirani wa karibu wa Uingereza, wakaruhusu Mei 20, 2024: miaka 16, kilomita 20 kwa saa, mota isizidi wati 400, uzito usizidi kilo 25, hakuna kubebana.

Angalia hizo namba zinazungumzia nini. Uzito, nguvu, mwendo. Nchi inayokubali kwamba kitu kipo inapata fursa ya kukiambia kiweje. Uingereza, kwa kukataa kukitambua, imejinyima fursa hiyo, na hapa ndipo suala linapotoka kwenye pointi za leseni na kuingia kwenye mifupa ya watu.

Niliwahi kuipanda ile skuta, uani, mpwa wangu akinicheka. Unasukuma kwa mguu mara mbili kama mtoto, kisha unabonyeza kitufe cha mafuta kwa kidole gumba, na inakuvuta kwa nguvu usiyoitegemea. Umesimama wima, miguu imefuatana kwenye ubao mwembamba, uzito wako wote uko juu na magurudumu yako chini, ya inchi nane na nusu. Tairi la baiskeli likikutana na shimo la kina cha vidole vitatu, linashuka na kupanda. La skuta linashuka na kukaa humo, wewe ukiendelea na safari peke yako. Breki ilikuwa moja ya mkono, nyuma. Upepo wa tairi hakuna aliyeupima tangu itoke kwenye boksi.

Upepo wa tairi si jambo dogo. Mtu wa kwanza kufariki akiendesha skuta ya umeme Uingereza alikuwa Emily Hartridge, mtangazaji wa televisheni na YouTube, Julai 2019, kwenye kiplefti cha Battersea, London. Alirushwa akaingia chini ya lori, na uchunguzi wa kifo chake ukaeleza kuwa tairi lilikuwa na upepo mdogo. Mwaka 2022 ajali za skuta za umeme ziliua watu 12 Uingereza, na mwaka 2023 watu 6, karibu wote wakiwa wapanda skuta wenyewe. Za kukodi, ambazo lazima zikidhi masharti ya Wizara ya Uchukuzi, ni nzito zaidi, zimetulia zaidi, na mafundi wa kampuni wanazipitia. Ya dukani inatoka na chochote ambacho kiwanda kilijisikia kuweka. Zipo zinazouzwa zenye uwezo wa kilomita 60 kwa saa, kwenye magurudumu yaleyale ya kitoto, na kisheria hazina tofauti na ya mpwa wangu: zote haramu sawasawa. Ukishazifanya zote haramu, huna tena neno la kumwambia anayechagua ya hatari zaidi.

Upande wa pili wa jambo hili naujua, na sitaki kuupita kwa haraka kama wanavyofanya mashabiki wa skuta. Juni 2022, mkoani Nottinghamshire, mama wa miaka 71 aligongwa kwenye njia ya miguu na skuta iliyoendeshwa na mtoto wa miaka 14, akafariki. Msikitini kwetu kuna mzee anayetembea na fimbo nyeupe. Ananiambia baiskeli huisikia mnyororo, gari huisikia tairi, lakini skuta humfikia kabla ya sauti yake. Siku hizi akisikia watoto wa shule wametoka anasimama akaegemea ukuta mpaka wapite. Hapo sina cha kumtetea mtu. Anayepita na skuta kwenye njia ya miguu aadhibiwe, na aadhibiwe kwa kosa hilo lenyewe, la kuhatarisha mzee wa watu, badala ya lile la bima. Kwa sasa mwenye helmeti na taa kwenye njia nyekundu na yule anayewapangua wazee mbele ya duka wanaandikiwa karatasi ileile ya bima. Sheria isiyotofautisha wawili hao haimfundishi yeyote kitu.

Na moto je? London walizipiga marufuku skuta za watu binafsi kwenye treni na mabasi tangu Desemba 13, 2021, baada ya betri kuwaka ndani ya treni. Mwaka 2023 zima moto wa London waliitwa kwenye mioto 143 ya baiskeli za umeme na 36 ya skuta. Nilimkataza mpwa wangu kuchaji kwenye korido, maana moto wa betri ukianza mlangoni hamna pa kutokea. Akahamia jikoni. Lakini moto ni habari ya ubora wa betri na chaja, na baiskeli iliyo halali inaongoza kwa kuwaka, kwa hiyo sioni unavyosaidia hoja ya kukamata skuta.

Haya yote kwetu si mageni. Waliokuwa Dar es Salaam kabla ya mwaka 2010 wanakumbuka bodaboda zilivyoanza kubeba abiria wakati kisheria pikipiki haikuwa chombo cha abiria. Abiria wapo, vijana wapo, pikipiki za bei nafuu zinashuka bandarini kila wiki, na trafiki wanakimbizana nazo vichochoroni. Mwaka 2010 zikatungwa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Hazikumaliza ajali, na wodi za mifupa ni mashahidi, wala ugomvi wa kuingia katikati ya jiji haujaisha hadi leo. Lakini tangu hapo mtu akikamatwa anakamatwa kwa jambo linalotajika: huna helmeti, umebeba mishikaki, huna leseni. Kila moja kati ya hayo angeweza kulirekebisha kesho yake asubuhi.

Tena umeme wenyewe hauna kosa. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria lazima iwe ya umeme. Imeingia barabarani bila kelele za kisheria kwa sababu ina kiti, ina kibao cha namba, na sheria ilishaijua sura yake tangu ilipokuwa ya petroli. Skuta ya kusimama imekuja na sura isiyofanana na kitu chochote kilichoandikwa, na waandishi wa sheria wa nchi tajiri wameshindwa kuiandikia mstari kwa muda ambao Dar ilizoea bodaboda, ikazichukia, ikazipenda tena.

Ningeulizwa mimi, ningechukua kibandiko cha Wajerumani kama kilivyo. Kilomita 20 kwa saa, breki mbili, taa, miaka 16, njia ya baiskeli na barabara za mwendo mdogo, njia ya miguu mwiko. Bima inunuliwe palepale dukani na skuta isitoke mlangoni bila kibandiko. Hapo muuzaji naye atakuwa ameingizwa kwenye msumeno. Kama serikali haitaki hayo, basi ipige marufuku kuuza na iache kuchukua kodi yake. Ningeumia lakini ningeiheshimu. Na wakati inatafakari, iziondoe skuta kwenye zile pointi za leseni ya gari. Kumfutia kijana leseni aliyoisomea kwa sababu ya kifaa ambacho waziri mwenyewe aliahidi Bungeni kukihalalisha ni kumwadhibu kwa kuamini hotuba.

Tulijaribu kuikomboa. Kituo kinakohifadhiwa vyombo vilivyokamatwa kilitujibu kwa adabu kwamba inawezekana kabisa: tulete kitambulisho, uthibitisho wa umiliki, malipo ya kuivuta na ya kila siku iliyolala pale, na cheti cha bima. Risiti tunayo. Nikauliza kama anaijua kampuni inayotoa hicho cheti. Yule dada kwenye simu akanyamaza kidogo, akasema hiyo si kazi ya idara yake. Siku za kukomboa zikapita, na zikishapita, skuta husagwa.

Sasa anatembea. Dakika sabini kwenda, dakika sabini kurudi, njia nyekundu ileile, chini ya daraja lilelile. Chaja ilibaki imechomekwa jikoni kama wiki tatu hivi, taa yake ya kijani inawaka bila kazi, hakuna aliyetaka kuichomoa. Juzi ameiuza pauni 10 kwa mwenzake wa zamu, ambaye ya kwake iliungua, na skuta yake bado hawajaikamata.